Mama Hakomuniki

Nilipokuwa mdogo nilidhani mama ana ugonjwa wa tumbo. Kila Jumapili, watu wakipanga foleni kwenda kukomunika, yeye alisogeza magoti pembeni ili wapite, kisha akabaki peke yake kwenye benchi na pochi yake. Rozari anasali kumshinda katekista, michango ya jumuiya hachelewi, lakini Ekaristi hapokei. Nilikuja kuelewa nikiwa sekondari: yeye na baba hawajafunga ndoa. Uchumba sugu, mwaka wa 27 sasa.

Parokia zetu zina wazazi wengi wa aina hii, na siku hizi wamo pia wenzangu wa chuoni. Wengi husema ni gharama: sendofu, ukumbi, kamati, kadi ya singo na ya dabo. Hoja hii naikubali nusu. Kanisa halidai ukumbi. Linataka padre na mashahidi wawili, na zipo parokia zinazofungisha ndoa za pamoja asubuhi, watu wakanywa chai wakarudi nyumbani. Wengine husema vijana wameidharau ndoa. Hili niliamini mpaka mwaka jana, nilipomuuliza mama kwa nini baba alikataa kumpeleka kanisani.

"Nani kakwambia ni baba yako? Niliyekataa ni mimi."

Baba alikuwa akinywa sana siku zile. Kumvumilia leo na kesho, mama aliweza. Lakini kusimama altareni na kuahidi maisha yote, huku begi limeshafungwa chini ya kitanda? "Mungu si mwenyekiti wa mtaa, mwanangu, useme unasaini tu."

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 haiwaoni kama wachumba. Mwanamume na mwanamke wakikaa pamoja miaka miwili na watu wakawatambua kama mke na mume, huchukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Serikali inatazama matendo. Kanisa linauliza neno: kwa kanuni ya 1057, ridhaa ya wawili ndiyo inayofanya ndoa, na hakuna binadamu anayeweza kuitoa kwa niaba yao. Kabla ya Mtaguso wa Trento kudai padre na mashahidi, mwaka 1563, hata ahadi ya wawili faraghani ilihesabika. Mama asingepona hata enzi hizo. Hakuahidi.

Lakini alitenda. Baba alipopata kiharusi, ni mama aliyemgeuza kitandani miezi saba. Begi halikutoka.

Rafiki yangu anasema huo ni woga uliovikwa kanga ya ukweli. Huenda. Mimi namwona mtu aliyekubali kukosa Ekaristi miaka 27 kuliko kusema uongo mmoja mbele yake, na siwezi kumtia kapu moja na wenye dharau. Wapo wanaoikimbia ndoa kwa sababu wanaiamini mno.

Kinachonisumbua ni kingine. Siku ya kuahidi, hakuna anayeijua kesho yake. Tungekuwa tunaijua, ahadi ingekuwa ya nini? Nilimwambia mama hivyo. Akacheka, akaendelea kuchambua mchicha.

"Basi wewe nenda kaahidi."

Fomu ya mafundisho ya ndoa imo kwenye mkoba wangu tangu Januari. Mchumba wangu ameshajaza upande wake.