Kujitenga na Ulimwengu

Wengine watuuliza: Je, imempasa Mkristo kuachana na jirani anywaye mbege? Mchungaji Bruno Gutmann, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kulichunga kundi la Old Moshi miaka mingi, hakuwataka Wakristo waukane ukoo wala ujirani. Aliona ya kuwa Mungu mwenyewe ndiye aliyewaunganisha watu hivyo. Basi hatari i wapi? Hapa Tarakea, mpakani mwa Kenya, fedha huvuka kila siku ya soko, nayo mizani yake huingia hata kanisani. Siku ya Mavuno, na kweli twaona haya kuandika, tulimpisha tajiri kiti cha mbele, na mjane aliyejitwika ndizi zake akasimama mlangoni. Mtungi wa mbege ulikuwa mbali sana siku ile.