Jina la Sauti ya Mbali

Mtu akisikia sauti gizani, ni haki yake kusema kuwa amesikia sauti. Je, ni lini inakuwa haki yake kusema kuwa amemsikia fulani? Swali hili ni kongwe, walakini limepata makao mapya mahali pasipotazamiwa: katika redio kuukuu za magari.

Huko Ulaya wako watu wanaong'oa redio katika gari lililokwisha safari zake, wakaiunganisha na umeme wa volti 12 na antena ya juu ya paa, kisha wakakesha wakisaka vituo vya FM vya nchi za mbali. Redio ya gari haikuchaguliwa bure. Iliundwa ili ishike wimbi dhaifu njiani na kulitenga na jirani mwenye nguvu. Nyingine, kwa hofu ya wezi, hudai namba ya siri kabla ya kunena. Asiyekuwa nayo amebeba bubu.

Kwa kawaida mawimbi ya FM hayapiti mbali sana na upeo wa macho. Lakini baina ya Mei na Agosti, katika anga la kilomita 100 hivi juu ya ardhi, huzuka mawingu ya chembe zenye umeme yanayoyarudisha mawimbi hayo chini, hata yakatua umbali wa kilomita 2,000. Msikilizaji wa kusini mwa Uingereza ghafla humpata Mtaliano akizungumza. Dakika chache, kisha kimya.

Zamani ilimbidi angoje mtangazaji alitaje jina la kituo. Tangu miaka ya 1980, vituo vingi vya Ulaya vilianza kubeba pamoja na muziki ishara isiyosikika, iitwayo RDS. Ndani yake mna jina lisilozidi herufi nane, na alama nne za utambulisho zinazorudiwa mara 11 hivi kila sekunde. Alama ya kwanza huashiria nchi: Italia ilipewa 5, Hispania E. Lakini F ni ya Ufaransa, na ni ya Norwe vilevile.

Hapo ndipo penye mtihani. Wimbi likinyong'onyea, jina hufika pungufu: herufi tatu zimeonekana, nyingine zimemezwa na mikwaruzo. Orodha ya vituo iko mezani, na kimoja tu chaelekea kulingana nazo. Shahidi hakuna, na wimbi limekwenda zake. Aandike? Akiandika, hakuna awezaye kumsuta. Hata mashine haina mikono safi: ishara ile huja na tarakimu za kusahihishia makosa, na chombo hujaribu kujaza kilichopotea; mara nyingine hujaza sicho.

Yamkini mtu atasema: huu ni mchezo tu, kukisia kunamdhuru nani? Wapenzi wa ushairi wanalo jibu karibu. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yalikusanywa baada ya kufa kwake, na Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor, kutoka katika kumbukumbu za wazee. Katika kazi kama hiyo, ubeti usio na mwenyewe ukiwa na ladha ya Muyaka, mkono huwashwa kumwandikia. Huenda ni wake kweli. Lakini ikiwa si wake, Muyaka hakuongezewa kitu, na yule aliyeutunga amenyang'anywa kitu pekee alichobakiwa nacho: nafasi ya kutafutwa. Aliyekwisha kupewa jina hatafutwi tena.

Ndivyo ilivyo kwa sauti ya hewani. Jina la kubahatisha hufunga mlango ambao ukimya ungeuacha wazi. Msikilizaji mwaminifu huandika saa, masafa na zile herufi tatu alizoziona, na pahali pa jina hupaacha patupu. Kisha huzima redio. Mwezi Juni mwingine, wimbi lile laweza kurudi na jina lake zima.