Ajnabi wa Ilemela

Ajnabi aliyekuja Ilemela kwa kazi ya viwanda vya minofu ya sangara, akiwa ameiacha aila yake ng'ambo, hukutana na mashaka ambayo sisi wenyeji, kwa kuyazoea, aghalabu hatuyaoni: kibali cha kazi hukiomba kwa Kamishna wa Kazi, kwa sheria ya 2015, na cha ukaazi katika Idara ya Uhamiaji, mwenye nyumba humdai kodi ya miezi 6, pengine ya mwaka mzima, kabla hajamkabidhi ufunguo, na fundi waliyeagana naye saa 2 humbishia hodi asubuhi, ilhali yeye, kwa hesabu ya kwao, alimtazamia baada ya adhuhuri.

La saa husahihika upesi. La kodi ndilo linaloniudhi, kwani nimesikia mara nyingi, Kirumba na Pasiansi, nyumba ile ile ikitajwa kwa bei mbili, moja ya mwenyeji na moja ya mgeni, na hali wanetu walioko Muscat na Guangzhou twawaombea insafu usiku na mchana. Mpangaji huyu anastahili mkataba ulioandikwa, stakabadhi ya kila alicholipa, na jirani wa kumwambia bei ya kweli ya samaki pale mwaloni kabla dalali hajamfikia.