Mzigo wa Kilimani



Somo letu la juma hili ni Wagalatia 6:1–5. Katika mstari wa 2 Mtume Paulo anawaagiza Wakristo wa Galatia wasaidiane kubeba mizigo. Hajafika mbali, kwenye mstari wa 5, anasema kila mmoja atabeba wa kwake. Vijana wa kipaimara hawakosi kuniuliza, tena kwa ukali: mchungaji, tushike lipi? Kama ndugu yangu ananibebea, mimi nabeba nini? Na kama kila mtu na wake, kanisa la nini?

Mimi huwajibu kwa kuwasimulia mahali nilipoyaona maneno yote mawili yakitendwa siku moja na watu walewale. Ni kwenye mashindano ya magari ya kupanda kilima, Shelsley Walsh, Uingereza.

Dayosisi yetu ya Morogoro ina uhusiano wa kindugu na Dayosisi ya Worcester, na Shelsley Walsh ni kijiji cha kule, karibu na mto Teme. Kina kanisa dogo la Mtakatifu Andrea, la karne ya 12. Si mbali na kanisa hilo ndipo inapoanzia njia ambayo magari yamekuwa yakishindana kuipanda tangu mwaka 1905. Njia yenyewe ni fupi mno: yadi 1,000, yaani mita 914, na kutoka chini hadi juu inapanda kama mita 100. Pale palipo pakali kuliko pote, kila mita sita unazokwenda umepanda mita moja. Magari hayakimbizani. Kila moja linapanda peke yake, na mshindani wake ni saa. Yenye kasi kuliko yote hufika juu kwa chini ya sekunde 23. Gari la kawaida la barabarani, lililoongezwa nguvu kidogo tu, hutumia sekunde thelathini na kitu au arobaini.

Wengi wa wanaokuja ni madereva wa ridhaa. Ni mafundi bomba, walimu, wakulima, wastaafu. Hakuna anayewalipa. Kiingilio wanatoa mfukoni, matairi wananunua wenyewe, na usiku wa katikati ya juma wanalala chini ya gari na spana mkononi. Mmoja wao alinikaribisha nikae naye wikendi nzima. Ni mzee wa kanisa katika parishi yake, mtu mpole, na gari lake ni dogo, la kununulia mahitaji ya nyumbani siku za kazi.

Jumamosi asubuhi mapema alinyanyua boneti, akasubiri wakaguzi. Walikagua mikanda, helmeti, suti isiyoshika moto, na springi inayorudisha pedali ya mafuta ili mguu ukiinuka injini itulie. Kisha tukaipanda njia kwa miguu. Nilidhani tunanyoosha viungo, kumbe yeye alikuwa kazini. Kwenye kona wanayoiita Kennel aliinama akagusa lami kwa kiganja kuona kama umande umekauka chini ya miti. Kwenye zile kona mbili zilizopindana karibu na juu, wanazoziita the Esses, alisimama kimya muda mrefu, akarudi nyuma hatua chache, akasimama tena. Alikuwa anatafuta mahali pa kufunga breki. Ukiwahi kufunga unapoteza muda, ukichelewa unakwenda kwenye ukingo.

Nataka mwone vizuri kinachotokea pale pa kuondokea, kwa kuwa ndipo nilipojifunza zaidi. Gari linasogezwa hadi kwenye mstari, tayari likiwa kwenye mwinuko. Msimamizi mmoja anaweka kabari ya mbao nyuma ya tairi la nyuma, lisirudi chini. Kabari hiyo ina mpini mrefu ili aivute bila kuinama. Mwingine anatazama kibao chembamba kilichofungwa wima mbele ya gari. Kibao hicho ndicho kitakachokata mwali wa mwanga unaopita juu ya lami. Halafu taa ya kijani inawaka. Na hapo, ndugu zangu, dereva anaweza asiondoke. Taa ya kijani inamwambia kwamba njia ni nyeupe. Saa haijaanza kuhesabu. Itaanza pale kile kibao kitakapokata mwali. Dereva ana nafasi ya kuvuta pumzi, kusikiliza injini, na kuachia klachi anapojiona yuko tayari. Watu wanane kumi wanamzunguka, wamemkagulia, wamemsukumia, wamemwekea kabari, na hakuna hata mmoja anayeweza kumwachilia klachi.

Huo ndio mzigo wa mstari wa 5. Wapo watu wanaokuombea usiku kucha na hawawezi kutubu kwa niaba yako. Mama anaweza kumleta mtoto kanisani miaka kumi na minane. Siku ya kusema ndiyo, anasema mtoto. Nawaambia wazazi jambo hili kwa upendo, kwa kuwa naona wengine wanavyoumia wakijaribu kubeba hata lile ambalo Mungu hakulikabidhi kwao.

Mzee yule aliondoka. Sauti ya gari ikapotea kwenye miti, ikarudi mara moja juu kule, ikanyamaza. Magari yakishafika juu husubiriana, halafu huteremka pamoja kwa msafara, polepole. Aliporudi aliifuata karatasi ya matokeo, na kabla ya kuwatazama wenzake alifungua daftari. Ndani yake mna kila mbio aliyowahi kupanda: hali ya hewa, upepo wa matairi, muda wa futi 64 za kwanza ambao hupimwa peke yake, muda mzima, na neno moja au mawili kuhusu kona iliyomshinda. Aliandika, akalinganisha na ukurasa wa mwaka uliopita. Alikuwa ameongeza kasi mwanzoni na kupoteza juu. Akaniambia ameinua mguu kabla ya wakati, kwa woga, na akaandika hivyohivyo: woga.

Kati ya mstari wa 2 na wa 5 Paulo ameweka mstari wa 4, nao ndio tunaouruka. Anataka kila mtu aipime kazi yake mwenyewe, na furaha yake aipate humo, asiipate kwa kujilinganisha na jirani. Pale kilimani jambo hili halihitaji mahubiri. Magari yamegawanywa kwa madaraja, kwa ukubwa wa injini na kwa kiasi yalivyobadilishwa, maana kila mtu anaelewa kwamba gari dogo la sokoni na gari la kiti kimoja lililojengwa kwa ajili ya kilima hayana cha kuambiana kuhusu sekunde. Ukiuliza nani ni wa kwanza, watakujibu kwa swali: katika daraja lipi? Wanasimulia hadi leo habari za Basil Davenport, aliyeshinda hapo mara kadhaa katika miaka ya 1920 kwa gari la GN alilolirekebisha mwenyewe na kuliita Spider, lililokuwa linaendeshwa kwa minyororo. Mtu alikuja na alichonacho, akakifanyia kazi.

Jumapili, tukiwa tumeshasali, ndipo niliuona mstari wa 2. Baada ya mazoezi ya asubuhi gari la mzee wangu lilianza kutoa mlio mbaya upande wa gurudumu la mbele. Ekseli ilikuwa imekufa. Zilikuwa zimebaki mbio mbili zinazohesabiwa, na matokeo ni ile iliyo bora kati ya hizo. Duka la vipuri lililo wazi halikuwepo. Aliyesogea kwanza ni kijana wa kibanda cha pili, mwenye gari la aina ileile, daraja lilelile, aliyekuwa nyuma yake kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kama gari hili lingekufa, yeye angepanda nafasi moja bila jasho. Alifungua buti, akatoa ekseli yake ya akiba, akalala chini upande mmoja na mzee upande wa pili, na mwanamke mmoja mwenye umri wa bibi yangu akawa anawapa spana na kuwamulikia tochi. Hakuna aliyetoa hotuba. Walimaliza grisi ikiwa imewafika viwikoni, wakavaa helmeti wote wawili, wakaenda foleni.

Kisha kila mmoja akapanda peke yake, kwa nguvu zake zote. Kijana hakupunguza mwendo ili kumheshimu mzee, wala mzee hakumwachia kijana ushindi kama malipo ya ekseli. Kufanya hivyo kungekuwa dharau. Mzee alimshinda kwa kiasi kidogo sana, na kijana ndiye aliyekuwa wa kwanza kumpa mkono, akiuliza mara hiyo amefunga breki wapi. Naye akamwonyesha, kwenye daftari.

Kuna wengine pale huchangia gari moja: mume na mke, baba na binti. Mmoja hupanda, hushuka, hubadilisha namba ubavuni, na mwenzake huingia kwenye kiti kile kikiwa bado na joto, amshinde kwa gari lile lile. Wakirudi nyumbani wanakula meza moja.

Basi ninapofundisha Wagalatia 6 nasema hivi: mzigo wa ndugu yangu ninaoweza kuubeba ni ule unaomzuia asifike kwenye mstari. Ugonjwa, deni, msiba, ada ya shule, ekseli iliyovunjika. Akishafika kwenye mstari, kinachobaki ni chake na Mungu wake. Kosa letu ni kugeuza mambo. Tunamwacha mtu peke yake na ekseli iliyovunjika, halafu anapoanza kupanda tunajaa pembeni kumhesabia sekunde.

Tazama shuleni. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Nililifurahia sana jambo hilo. Lakini kwenye makundi yetu ya WhatsApp wazazi tunaendelea kuzitengeneza orodha zile kwa mikono yetu. Mtoto aliyepata daraja la tatu akiwa analea wadogo zake watatu anawekwa chini ya mtoto aliyekuwa na mwalimu wa ziada kila jioni, nasi tunaandika “hongereni wote” na alama za makofi. Nimekaa na mabinti waliolia kwa ajili ya orodha hizo. Kama ungemuuliza mmoja wao mwaka jana alikuwa wapi, ungemwona amepanda kuliko wote.

Na kanisani? Hapa nitasema wazi, maana linaniuma. Kila Jumapili tumekuwa tukisoma ahadi za ujenzi kwa majina na viwango. Mama muuza maandazi anatajwa na elfu kumi yake baada ya mfanyabiashara na milioni mbili yake, na kanisa linapiga vigelegele kwa urefu tofauti. Bwana wetu alikaa mbele ya sanduku la hazina hekaluni akatazama senti mbili za mjane, na tunajua alizihesabuje. Wapo wapendwa waliohama ibada ya pili kwenda ya kwanza ili wasisikie majina yao. Wapo walioacha kuja kabisa.

Wazee wa kanisa nami tumekubaliana. Kuanzia Jumapili ijayo ahadi hazitasomwa tena. Kila familia itapewa kadi yake inayoonyesha ilichoahidi, ilichotoa mwaka jana na ilichokwisha toa mwaka huu, basi. Mhazini atazigawa mlangoni baada ya ibada zote mbili. Na Jumatano jioni ofisi itakuwa wazi kwa ajili ya wenye mgonjwa, wenye msiba na waliokwama ada. Wazee wawili watakuwepo, na fedha za mfuko wa huruma zimeshatengwa. Asiyeweza kufika kwa miguu amtume mtoto au jirani, tutamfuata nyumbani.