Kazi ya Telefone, Watoto na Mlango wa Nyumba

Somo: 2 Wafalme sura ya 4, mstari wa 1 mpaka wa 7



Kila siku ya Mungu, tukitoka hekaluni, kuna watu wananingoja nje na swali moja. Mama wengi wa parokia, na papa wengine, wameanza biashara nyumbani kwa njia ya telefone. Mmoja anauzisha asali, mwingine vikwembe, mwingine nguo za watoto wachanga anazoshona mwenyewe. Wanapiga picha, wanaituma kwa WhatsApp, na mtu wa Kolwezi au wa Lubumbashi ananunua bila kukanyaga Kisenge. Wananiuliza: Shemasi, kazi hii ni safi mbele ya Mungu? Itatusaidia kulea watoto, ama itatunyang'anya watoto?

Swali hilo la pili ndilo kubwa. Nitalijibu kwa Neno la Mungu, na kwa mambo yaliyotupata mimi na mama wa nyumba yangu.

1. MDAI ALIYEKUJA KUCHUKUA WATOTO

Tunasoma habari za mama mjane. Mume wake alikuwa mtu wa kumwogopa Mungu, lakini alikufa na kuacha deni. Mdai hakutaka mbuzi wala shamba. Alikuja kuchukua watoto wawili wa kiume wawe watumwa wake. Yule mama akamlilia nabii Elisha.

Ndugu, musifikiri mdai huyo alikufa zamani. Sisi wa Kisenge tunamjua. Wazee wetu walikula mkate wa manganezi. Manganezi ilipanda treni, ikaenda mpaka bandari ya Lobito. Mwaka 1975 vita vya Angola vikafunga njia ile, na manganezi ikabaki imelala hapa katika malundo. Ni mwaka 2018 tu manganezi ya Congo ilipoanza tena kupita njia ya Lobito. Hesabuni ninyi wenyewe: ni zaidi ya miaka 40. Watoto wangapi walizaliwa, wakakua, wakaoa, wakingoja treni?

Mtu akikosa kazi kwake, shimo la mchimbaji linamwita. Mwaka 2014 pale Kolwezi, katika mtaa wa Kasulo, watu waligundua kobalti chini ya makao yao. Wakachimba katika viwanja, wengine hata ndani ya nyumba. Hiyo nayo ilikuwa kazi ya nyumbani, lakini ni kazi iliyomeza nyumba yenyewe. Na tunajua kwamba katika mashimo ya Lualaba wameingia watoto ambao mahali pao palikuwa shuleni.

Kwangu mimi mdai alipiga hodi hivi. Tulikuwa na deni la masomo ya sekondari ya mtoto wetu wa kwanza, na deni lingine la dawa. Siku moja yule kijana, mwenye miaka 14, akaniambia kwa heshima: "Papa, wenzangu wanakwenda Kolwezi kuchimba. Uniache niende nao, nitatuma franga za deni." Usiku ule sikulala. Niliona wazi kwamba mdai hakuja na barua. Alikuja kwa kinywa cha mtoto wangu mwenyewe.

2. KITU ULICHO NACHO NYUMBANI

Elisha hakumpa mama yule feza. Alimwuliza ana kitu gani ndani ya nyumba. Mama akajibu kwamba hana kitu, isipokuwa chombo kidogo cha mafuta. Angalieni vizuri: alianza kusema hana kitu, kisha akakumbuka kidogo alicho nacho. Sisi wengi tunaishia pale pa kwanza.

Mama wa nyumba yangu alikuwa na ndugu zake wanaofuga nyuki porini, na alikuwa na telefone moja ambayo kioo chake kimepasuka. Akaniambia: "Papa, asali hii watu wa mjini wanaitafuta." Nilicheka. Nilisema asali ya Kisenge nani ataijua Kolwezi? Hakubishana nami. Alichuja asali, akaitia katika chupa sita safi, akapiga picha asubuhi wakati mwanga ni mzuri, akaituma kwa dada yake wa Kolwezi na kwa mama wengine wa Kanisa kule. Chupa zote sita zilinunuliwa. Feza ikaingia katika telefone.

Wazee, musiogope jambo hili kana kwamba ni uchawi. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikafika Congo mwaka 2012, na leo hata mama asiye na konti katika banki anaweza kupokea malipo yake. Telefone ni chombo, kama jembe. Jembe halina dhambi. Dhambi iko katika mkono na katika shamba unalolima. Kwa hiyo musinidanganye, ndugu: kuuzisha lutuku kwa telefone bado ni kuuzisha lutuku. Kitu ambacho huwezi kukiweka mezani mbele ya mchungaji, usikiweke katika picha.

3. KWANZA FUNGA MLANGO

Hapa ndipo ninaomba musikilize kwa moyo.

Asali iliendelea. Chupa sita zikawa kumi na tano, kisha thelathini. Telefone ilianza kulia asubuhi kabla ya sala, ikalia wakati wa bukari, ikalia usiku wa manane. Mteja mmoja anauliza bei, mwingine anauliza gari limefika wapi, mwingine anataka kusema tu. Mama alijibu wote, kwa sababu aliogopa kuwapoteza.

Siku moja ya mwezi wa Novemba, mvua ikinyesha, mtoto wetu wa mwisho, mwenye miaka miwili, alilala mkekani tangu mchana. Kijana wetu alikuja akasema: "Mama, mtoto ana moto." Mama akajibu: "Ninakuja," na vidole vyake viko juu ya telefone. Akarudi tena kusema. Mama akajibu vile vile. Giza lilipoingia, mtoto alianza kutetemeka na kugeuza macho. Tukambeba kwa pikipiki katika matope mpaka kwa muganga. Ilikuwa malaria kali. Mungu alituhurumia, mtoto yuko hai. Ninaandika neno hili "yuko hai" na mkono wangu unatetemeka.

Tuliporudi nyumbani nilimkemea mama kwa sauti kubwa. Nilisema: "Telefone yako ndiyo ilitaka kuua mtoto." Alilia, akasema ataacha biashara yote. Ndipo kijana wetu, yule aliyetaka kwenda kuchimba, akasema pole pole: "Papa, na wewe ulikuwa nyumbani. Na wewe ulikuwa na telefone, unatazama mpira."

Nilinyamaza. Mtoto alikuwa amesema kweli. Mama alishika telefone ili watoto wale. Mimi niliishika kwa ajili ya mchezo, na nilikuwa nimekaa karibu na ule mkeka kuliko yeye.

Juma lile tulisoma tena habari za mjane. Mara nyingi nilikuwa nimeisoma na sikuona neno moja: kabla ya kumimina mafuta, nabii alimwagiza mama aingie ndani pamoja na wanawe na kufunga mlango. Muujiza haukufanyika sokoni. Ulifanyika mlango umefungwa, na watoto wako ndani, pamoja na mama, wakimletea vyombo.

Ndugu wapendwa, duka la zamani lilikuwa na mlango. Jioni unafunga, unarudi kwa watoto. Telefone haina mlango. Mteja anaingia mpaka chumbani, anaingia katika sala, anakaa kati yako na mtoto anayenyonya. Kwa hiyo ni lazima wewe mwenyewe uweke mlango.

Nyumbani kwetu tuliuweka hivi. Asubuhi, watoto wakiwa shuleni, mama anafanya kazi ya telefone. Jioni, baada ya sala na watoto wadogo wakiisha kulala, anajibu tena muda wa saa moja. Wakati wa chakula na wakati wa sala, telefone zote, na yangu pia, zinaingia katika kikapu juu ya kabati. Aliwaandikia wateja saa zake za kujibu. Wawili walikasirika wakaenda. Wengine walibaki, na mmoja aliandika kwamba na yeye atafanya vile kwake.

4. VYOMBO VYA KUAZIMA

Yule mjane aliazima vyombo kwa majirani. Majirani walimpa kwa sababu walimwamini. Biashara ya telefone ni hivyo hivyo: mteja anatuma feza kwa mtu asiyemwona, kwa kitu ambacho hajakionja. Hiyo imani yake ni chombo ulichoazima. Ukikivunja, hutakipata tena.

Kwa hiyo usichanganye asali na maji ya sukari. Usipige picha ya kitambaa kipya na kutuma cha zamani. Kama barabara imeharibika kwa mvua na mzigo utachelewa, sema mapema, kabla ya kuulizwa. Na usitumie picha ya mtoto wako kuvuta wateja usiowajua.

Lakini muwe na akili pia, maana wezi nao wana telefone. Usimpe mtu yeyote namba yako ya siri, hata akijiita mtumishi wa kompani ya telefone, hata akijiita mchungaji. Mtu akikutumia ujumbe kwamba amelipa, usitume mzigo kwa ajili ya ujumbe. Angalia wewe mwenyewe katika konti yako kama feza imeingia.

5. LIPA DENI, KISHA UISHI

Mafuta yalipokwisha kumiminwa, nabii aliweka utaratibu: kuuzisha, kulipa deni, na mama na wanawe waishi kwa kinachobaki. Wengi wetu tunageuza utaratibu huo. Tunakula kwanza, tunanunua telefone kubwa, na mdai anangoja.

Andika katika daftari. Bei uliyonunulia, chupa, kredi na mega, usafiri, feza inayokatwa wakati wa kutoa. Vyote hivyo vikiisha kutoka, ndipo unajua faida. Wengi wanadhani wanapata, kumbe wanakula mtaji. Toa sehemu ya Mungu, toa sehemu ya deni, kinachobaki ndicho cha nyumba. Kijana wetu ndiye anayeshika daftari letu. Siku ile alipoandika kwa mkono wake kwamba deni la shule limekwisha, hakusema kitu. Alikwenda kupiga pasi shati lake la shule. Deni la dawa bado, nalo tunalipunguza.

Na tusiwadanganye watu: kuna mwezi ambao rezo inapotea, gari halipiti, hakuna anayenunua. Mafuta ya mjane nayo yalisimama, vyombo vilipokwisha. Kwa hiyo shamba la mihogo hatukuliacha.

6. NENO KWA PAPA WA NYUMBA

Papa, wale watoto wa mjane walileta vyombo, mama akamimina. Hakufanya peke yake. Sasa wewe unaleta chombo gani? Mama akijibu wateja, wewe mwogeshe mtoto. Chota maji. Peleka mzigo penye magari. Si aibu. Mimi shemasi ninabeba bidoni za asali njiani, na vijana wakicheka ninawasalimia.

Tukumbuke Mama Muilu Marie. Papa Simon Kimbangu alipokamatwa mwezi wa Septemba 1921, watoto wao walikuwa wadogo: Kisolokele alizaliwa mwaka 1914, Dialungana 1916, Diangienda 1918. Wa mwisho alikuwa na miaka mitatu tu. Papa alifungwa mbali, huku kwetu Katanga, akafariki katika gereza la Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka ile yote Mama Muilu alilea watoto na kulinda kazi ya Mungu kwa siri, na adui wakimtazama. Hakusema: nitaacha watoto nifanye kazi ya Mungu. Hakusema: nitaacha kazi ya Mungu nilee watoto. Na watoto wale ndio waliokuja kusimama katika kazi hiyo.

Kanisa letu limetufundisha Upendo, Amri na Kazi. Kazi ni ya tatu, nayo inasimama juu ya mbili za kwanza. Kazi bila upendo inamwacha mtoto mkekani na homa. Kazi bila amri inachanganya asali na sukari. Lakini upendo usio na kazi nao, ndugu, unamwacha mdai achukue watoto.

Leo jioni, kila nyumba itafute kikapu chake. Papa awe wa kwanza kuweka telefone yake ndani.

TUOMBE: Ee Mungu wa Elisha, Baba wa yatima na mtetezi wa wajane, tazama nyumba za Kisenge. Wewe unajua madeni yetu na majina ya watoto wetu. Bariki kidogo tulicho nacho. Utufundishe kufungua mikono yetu kwa kazi na kufunga mlango kwa wakati wake, ili mdai akija asikute mtoto hata mmoja wa kuchukua. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.

Ni mimi ndugu yenu katika Bwana,
Shemasi, parokia ya Kisenge