Amri ya Nane na Habari za Siasa Katika Simu



Siku hizi watoto wetu wa shule, na wazazi wao vilevile, wanajifunza siasa ya nchi kwa njia ya simu. Maneno yanapita katika WhatsApp na Facebook pasipo jina la mwandishi, nao wanayasadiki kuliko barua ya Maaskofu. Kutaka kujua mambo ya nchi si dhambi. Apigaye kura anapaswa kuyajua. Lakini kujua ni kazi, na kusadiki ovyo ni uvivu.

Kumbukeni uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018. Kesho yake serikali ilikata intaneti, uvumi ukajaa mijini. Baraza la Maaskofu lilikuwa limeweka watazamaji kama 40,000 katika vituo vya kura, nao waliona na kuandika. Ukweli hutafutwa hivyo, kwa miguu na kwa kalamu.

Mwaka ule ule 2018 Papa Fransisko, ambaye sasa ni marehemu, alifundisha ya kwamba habari za uwongo zinafuata werevu wa nyoka aliyemdanganya Eva. Nyoka hakusema uwongo mtupu. Aliuchanganya na ukweli kidogo. Ndivyo ilivyo picha ya kweli ya vita vya zamani, ikiandikwa chini yake: «Jana, kwetu.»

Tena uwongo huo unaua. Mwezi wa Desemba 2021, huko Lweba katika Fizi, kundi la watu lilimwua askari wa jeshi letu wenyewe, kwa kuwa alikuwa Munyamulenge. Maneno ya chuki juu ya kabila lake yalikwisha kuenea katika simu, na picha za kifo chake zikaenea vilevile.

Wengine huniambia: «Mwalimu, mimi sikuandika, nilipeleka tu.» Haya! Na mtu apokeaye mbuzi wa wizi akamwuzia jirani, hana kosa? Kanisa hufundisha ya kwamba aliyeharibu jina la mwenzake ana wajibu wa kulitengeneza, hata baada ya kuungama na kusamehewa. Basi aliyepeleka uwongo kwa watu 200 awaandikie hao hao 200, kwa jina lake mwenyewe, ya kwamba habari ile haikuwa kweli. Watamcheka. Awaandikie hata hivyo, na afanye hima, maana wao nao wamekwisha kuwapelekea wengine.