Matunzo ya Mtoto Hayasubiri Wazazi Wapatane

Mfikirie dereva wa lori wa Mbagala, Dar es Salaam, aendaye Tunduma na kurudi. Amezaa mtoto wa kike na mama ntilie wa mtaani kwake, bila ndoa. Tangu mtoto azaliwe alituma hela ya matumizi kwa simu kila mwisho wa mwezi. Mtoto alipovuka mwaka, wazazi wakakosana. Dereva akasikia mwenzake ana mtu mwingine, akaapa: "Silishi mwanamume mwenzangu!" Hela zikakatika.

Mama wa mtoto alianza kwa wazee. Baba mdogo wa dereva akamwita kijana wake, akamuuliza, "Mwanangu, huyu mtoto umegombana naye lini?"

"Sijamkataa, baba mdogo. Akiniletea nitamlea."

"Na mpaka aletwe, atakula nini?"

Hakuwa na jibu, lakini hakubadilika. Ofisi ya ustawi wa jamii ikamwita, hakwenda. Madereva wenzake walikuwa wamemhakikishia kwamba pasipo cheti cha ndoa hapana wa kumdai.

Hapo ndipo alipopotea. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humpa mzazi wajibu wa kumtunza mwanawe, awe amezaliwa ndani ya ndoa au nje. Ni kweli kwamba zamani mtoto wa nje ya ndoa alitengewa kiwango kisichozidi shilingi 100 kwa mwezi, lakini sheria hiyo ya zamani imefutwa. Leo mahakama hutazama kipato na mali ya wazazi wote wawili, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi.

Tena zile hela alizotuma kwa simu zilikuwa ushahidi dhidi yake. Kwa kawaida, ombi la matunzo dhidi ya anayetajwa kuwa baba hupelekwa kabla mtoto hajazaliwa au ndani ya miezi 24 baada ya kuzaliwa. Lakini baba aliyetoa hela ya matunzo ndani ya miezi hiyo anaweza kudaiwa hata baadaye.

Mama wa mtoto akapeleka ombi mahakamani. Hati ya wito ilipomfikia dereva, akapanda lori akasafiri. Mahakama ikamsikiliza mama peke yake, ikapanga kiwango. Dereva alikuwa na la kusema: safari zimepungua, na ana watoto wengine wawili. Lakini nani angemsemea? Deni likapanda mwezi hadi mwezi. Sheria inaruhusu kukamata mapato au mali ya mdaiwa, na siku moja bodaboda aliyoinunua kwa jasho lake ikachukuliwa ili iuzwe.

Ndipo akaenda mahakamani mwenyewe. Akaeleza hali yake, kiwango cha miezi ijayo kikapunguzwa, kwa kuwa amri ya matunzo yaweza kubadilishwa hali ya mzazi inapobadilika. Nafuu hiyo angeipata tangu mwanzo kama angeitika wito. Malimbikizo aliyalipa, dawa ya deni ni kulipa.

Lakini aliyepoteza zaidi ni mtoto. Mama yake aliuza sufuria zake kubwa ili amtibu malaria, na biashara ikafa. Hela iliyolipwa mwaka wa tatu wa ugomvi haimshibishi mtoto aliyelala njaa mwaka wa kwanza.

Baba unayesoma haya, matunzo si ujira wa mama wala adhabu ya kuachana. Ni haki ya mwanao mpaka afikishe miaka 18. Ukinyimwa kumwona, peleka ombi la kumwona, usimkatie chakula. Kipato kikishuka, wahi mahakamani ukaseme ukweli. Una shaka kama mtoto ni wako? Omba kipimo cha vinasaba. Nawe mama, usimfiche mtoto ili kumkomoa baba yake, na kumbuka kwamba mchango wako pia unahesabiwa. Tunzeni kumbukumbu za kila mlichotoa na mlichopokea. Mkishindwa kuelewana, nendeni ustawi wa jamii mapema, kabla hasira haijawa deni. Mapenzi ya watu wazima yanaweza kuisha. Uzazi hauishi, na sheria haitamruhusu yeyote kujifanya umeisha.